Wiki tatu za doksisaiklini na chunusi bado zinatoka: niache au niendelee?

Swali limeletwa na binti mmoja wa chuo. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 23, nasoma Dodoma. Nina chunusi usoni na mgongoni tangu kidato cha pili, na zikipona zinaacha madoa meusi. Hospitali nilipewa kapsuli za doksisaiklini za 100 mg, moja kila siku kwa miezi mitatu, pamoja na krimu ya benzoili peroksaidi. Krimu niliiacha siku ya nne maana ilinikausha uso na kuniharibia foronya. Kapsuli nameza usiku nikipanda kitandani. Hii ni wiki ya tatu, chunusi bado zinatoka, na kwa siku nne sasa kifua kinachoma nikimeza hata maji. Duka la dawa wameniambia ni vidonda vya tumbo, wakanipa vidonge vya magnesiamu. Natumia pia vidonge vya kuongeza damu. Rafiki yangu mmoja alitumia doksisaiklini akapona kabisa, mwingine zilirudi zote. Mama anasema antibiotiki za miezi mitatu zitanimaliza. Niache? Na mwenzangu wa chumba anaomba nimgawie chache. Nimpe?"

Marahaba, mwanangu. Tuanze na kifua, chunusi zitasubiri.

Kwa maelezo yako, ninachokiona hapa ni kapsuli iliyokuunguza umio, yaani ile njia ya chakula inayotoka kooni kwenda tumboni. Doksisaiklini ikilowa na kuyeyuka huwa na tindikali kali. Ukiimeza kwa funda moja la maji kisha ukalala, kapsuli haifiki tumboni. Inanata ukutani mwa umio, inayeyukia palepale na kuchoma kidonda. Maumivu yake yana tabia ya peke yake: huanza ghafla, hukaa nyuma ya mfupa wa kifua, na kila tonge au funda likipita pale unalisikia. Nimeona wanafunzi wengi wa bweni wakija na shida hiihii, na karibu wote wana hadithi moja: kitanda cha juu, chupa ya maji imebaki chini, kapsuli ikamezwa kwa mate.

Kwa hiyo leo usimeze nyingine. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, umweleze neno kwa neno ulivyonieleza mimi. Mara nyingi kidonda cha namna hii hupona chenyewe ndani ya siku kadhaa hadi wiki moja au mbili ukishaacha dawa, na daktari anaweza kukupa ya kupunguza asidi. Kwa sasa kula vyakula laini visivyo vya moto: uji uliopoa, mtindi, ndizi mbivu. Pilipili na ndimu ziweke kando. Ukishindwa kumeza hata mate, ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au homa, usisubiri kesho.

Maumivu yakiisha na daktari akikubali uendelee, badilisha saa na namna ya kumeza. Meza mchana baada ya chakula, na glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima au umesimama, kisha usijilaze kwa nusu saa au zaidi. Ukimeza na chakula hata kichefuchefu hupungua sana. Doksisaiklini inavumilia chakula, tofauti na tetrasaiklini ya zamani iliyotaka tumbo tupu. Hili peke yake limewaokoa wagonjwa wangu wengi waliokuwa wameshakata tamaa na dawa.

Sasa hivyo vidonge vya magnesiamu. Hapa ndipo nilipohuzunika kusoma barua yako, kwa sababu mtu wa duka alikusudia kukusaidia na hakujua unameza nini kingine. Magnesiamu, alumini, chokaa na chuma hushikana na dawa za kundi la tetrasaiklini ndani ya utumbo. Zikishashikana, dawa haipenyi kuingia kwenye damu, inatoka na choo. Vidonge vya kuongeza damu vina chuma, kwa hiyo navyo vimo katika kesi hii, tena ndivyo vibaya zaidi. Yaani kwa wiki hizi tatu inawezekana kabisa sehemu ya dawa yako haijafika mahali popote. Hiyo pekee ni sababu ya kutosha ya kutosema "dawa imeshindwa". Ukirudia, doksisaiklini iwe mchana, vidonge vya damu viwe usiku sana, na muulize daktari kama wingi wa damu yako unaruhusu vya damu visubiri kwanza. Chai ya maziwa hupunguza dawa kidogo tu ukilinganisha na chuma, lakini usiitumie kumezea kapsuli. Maji yanatosha.

Nakuja kwenye wiki ya tatu. Hapa Tanzania, na nadhani hata kwa majirani zetu, neno dozi limezoeleka kuwa siku tano au saba. Ukiumwa koo unameza siku tano, ukishapona umemaliza. Chunusi hazifuati kalenda hiyo. Kipele unachokiona leo kwenye shavu kilianza kujengeka chini ya ngozi wiki nyingi zilizopita: seli zilizokufa ziliziba tundu la kinyweleo, mafuta yakajaa nyuma yake, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes akazaliana humo, kisha mwili ukaja juu kwa uvimbe na usaha. Doksisaiklini inampunguza huyo bakteria na kutuliza uvimbe. Haizibui tundu wala haipunguzi mafuta. Vipele vilivyokuwa njiani vitaendelea kutokea kwa muda. Wengi huanza kuona nafuu kati ya wiki ya sita na ya nane, na hukumu kamili tunaitoa wiki ya 12.

Nina mgonjwa ambaye kwa karibu miaka miwili alikuwa akinunua kapsuli kumi kila chunusi zikichachamaa, anameza mbili kwa siku, siku ya tano anaacha. Zikipungua anafurahi, mwezi ukiisha anarudi dukani. Alikuwa na uhakika kwamba amejaribu doksisaiklini na haimfai. Kwa kweli hakuwahi kuijaribu hata mara moja, alikuwa akiigusa tu. Na kila alipoigusa aliwafundisha bakteria wake kuizoea. Nilipomwandikia miezi mitatu mfululizo pamoja na krimu, uso wake ulitulia kufikia wiki ya kumi.

Umeona nimetaja krimu. Ndiyo inayotenganisha rafiki zako wawili, au angalau ndivyo ninavyobashiri bila kuwaona. Kapsuli ni za kuzima moto kwa miezi mitatu, minne ikizidi sana. Krimu ndiyo inayobaki kazini zikiisha. Anayemeza kapsuli peke yake hupendeza kweli, watu wanamsifia, kisha anaacha. Baada ya mwezi mmoja au miwili matundu yanaziba tena kama kawaida yake na chunusi zinarudi. Hapo husema dawa imemdanganya. Aliyeanza krimu siku moja na kapsuli, akaendelea nayo miezi na miezi baada ya kapsuli kwisha, huyo ndiye mara nyingi anayesema "nilipona kabisa". Wapo pia wanaobahatika, umri ukasogea na chunusi zikajiishia. Bahati hiyo mimi siiandikii cheti.

Kwa hiyo kosa lako kubwa katika wiki hizi tatu, mwanangu, lilikuwa kuiacha benzoili peroksaidi siku ya nne, na silaumu, kwa sababu inaelekea hakuna aliyekueleza itakufanyia nini. Inakausha. Inawasha. Inatia weupe kila kitambaa cha rangi inachokigusa, iwe foronya, taulo au kanga. Tafuta foronya nyeupe na taulo jeupe, tatizo hilo limeisha. Kwa ukavu, anza upya polepole: iwe ya asilimia 2.5 kama inapatikana, au 5. Paka usiku mmoja ruka mmoja, na kama bado inakuchoma, paka kwa dakika kumi kisha nawa. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima. Paka eneo lote linalotoa chunusi, usidonoe kipele kimoja kimoja, kwa kuwa tunatibu na vile ambavyo havijatokea. Baadaye paka losheni nyepesi isiyo na mafuta. Ndani ya wiki tatu au nne ngozi nyingi huizoea. Bakteria, kwa upande wao, hawajaonekana kuizoea dawa hii hata baada ya miongo mingi ya matumizi, na ndiyo maana tunaiweka ubavuni mwa antibiotiki. Daktari akiweza kukuongezea adapaleni, krimu inayozibua matundu, nitafurahi zaidi. Hiyo nayo hukausha mwanzoni, na haipakwi na mjamzito.

Mama yako msikilize kwa nusu, na mpe heshima kwa nusu nyingine. Kuhusu mwili wako, hofu yake ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Wageni wanaokuja Afrika Mashariki hupewa doksisaiklini hiyohiyo ya 100 mg kila siku kujikinga na malaria, wanaimeza safari nzima na wiki nne zaidi baada ya kuondoka. Kundi hili la dawa limetumika kwa chunusi tangu miaka ya 1950. Kwa kijana mwenye afya, miezi mitatu chini ya macho ya daktari ni kitu tunachokifahamu vizuri.

Lakini kuna jambo ambalo mama ameliona bila kulitaja kwa jina lake, nalo ni usugu. Bakteria wa chunusi wasiosikia erithromaisini, antibiotiki nyingine, waliripotiwa tangu 1979, na leo dawa hiyo tunaiandika mara chache sana kwa chunusi. Tena usugu haukai kwa bakteria wa chunusi peke yao. Ukimeza antibiotiki, kila bakteria wa utumbo, koo na ngozi anakutana nayo. Doksisaiklini ndiyo tunayompa mtu mzima wa kipindupindu kwa dozi moja ya 300 mg. Ndiyo tunayotumia kwa brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi unaowasumbua wafugaji, na ndiyo tunayotumia kwa klamidia, ugonjwa wa zinaa. Mimi nimefanya kazi wodini wakati wa kipindupindu. Nikikumbuka siku zile, siwezi kumwandikia mtu doksisaiklini mwaka mzima kwa ajili ya vipele ambavyo krimu ingevitosha. Kwako wewe, mwenye chunusi za usoni na mgongoni kwa miaka karibu tisa, miezi mitatu naiona ni halali.

Kuna mengine wagonjwa wananirudia nayo, na bora uyajue mapema.

Jua, kwanza. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue haraka, na watu weusi wengi hudhani hilo ni la Wazungu. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kwangu migongo ya mikono imewiva, inachoma kama iliyomwagiwa maji ya moto, na kucha mbili zimeanza kuachia kwenye nyama. Alikuwa anaendesha kutwa nzima mikono wazi. Kwa mtu mwenye ngozi ya asili yetu hasara nyingine ni kwamba jua linayatia weusi zaidi yale madoa unayoyalalamikia. Jua la Dodoma unalijua. Kofia pana, mtandio, mikono mirefu, upande wa kivuli unapotembea, na losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kama mfuko unaruhusu. Na kuhusu madoa yenyewe: antibiotiki haziyaondoi. Yanafifia kwa miezi pale chunusi mpya zinapokoma, na adapaleni husaidia. Usizibinye kwa kucha.

Wanawake wengine hupata fangasi ukeni katikati ya dozi: muwasho, ute mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Linatibika kwa siku chache, usione haya kulisema. Wapo wanaoniuliza kwa sauti ya chini kama doksisaiklini inaharibu kazi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Haiharibu, isipokuwa umetapika au kuharisha sana kiasi cha vidonge kutokukaa. Yenye tabia hiyo ni rifampisini, ile ya kifua kikuu. Lakini mimba yenyewe ni jambo lingine kabisa. Doksisaiklini haitakiwi kwa mjamzito, maana hukaa kwenye meno na mifupa ya mtoto inayojengeka na kuyatia meno rangi ya manjano au kahawia, na kwa sababu hiyohiyo hatuwapi watoto walio chini ya miaka minane kwa ajili ya chunusi. Hedhi ikichelewa, acha kapsuli na upime kabla ya kuendelea.

Zipo pia chunusi ambazo antibiotiki huzizidisha. Ukiona vipele vidogo vya ukubwa mmoja, vinavyowasha, vimejaa paji la uso, kifua na mgongo wa juu, vimeongezeka tangu uanze kapsuli, huenda ni fangasi wa vinyweleo. Huyo hunawiri bakteria wakipunguzwa, na dawa yake ni ya fangasi. Nimekutana pia na mtu aliyemeza azithromaisini kwa karibu mwaka bila mtu kumuuliza. Ghafla pembezoni mwa pua na mdomo pakajaa vipele vya usaha, kwa sababu bakteria wa aina nyingine kabisa walikuwa wamehamia pale palipobaki wazi. Dawa ya kwanza kwake ilikuwa kuacha antibiotiki ile.

Hukunieleza unapaka nini usoni zaidi ya dawa, na ninakuomba ujiulize kwa ukweli. Mkorogo, au ile krimu ya tyubu inayochanganywa kwenye losheni ili uso "ung'ae", mara nyingi ina stiroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Stiroidi usoni huzaa chunusi zake zenyewe, na hapo unaweza kumeza kapsuli mwaka mzima bila faida. Sisemi ndivyo ulivyo. Nasema nimeuliza swali hili kwa upole mara nyingi, na mara nyingi jibu limekuja ziara ya pili, mgonjwa akiwa peke yake bila dada yake au mchumba. Mtu akiwa anatumia, asiache mwenyewe kwa siku moja, aje tumshushe taratibu. Angalia pia mafuta ya nywele. Yakishuka kwenye paji la uso usiku, yanaziba matundu hayohayo tunayohangaika kuyazibua. Na kama hedhi zako zinaruka miezi au unaota ndevu kidevuni, mwambie daktari, kwa sababu huko homoni ndizo za kutibiwa.

Yafuatayo yakitokea, acha kapsuli siku hiyohiyo uende hospitali: kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu au picha mbili, uso au midomo kuvimba, malengelenge mdomoni au mwilini, macho kuwa ya manjano, au kuharisha damu. Ni nadra. Nimekutana na la kichwa na macho kwa mgonjwa aliyekuwa akimeza doksisaiklini na isotretinoini, dawa ya chunusi sugu, kwa pamoja, kila moja imetoka mkono tofauti. Dawa hizo mbili hazikai pamoja kamwe, zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu.

Basi kuhusu kuacha: sitaki uache, nataka uanze upya. Umio upone, magnesiamu itoke, vya damu vihamie usiku, kapsuli ihamie mchana, krimu irudi. Hesabu wiki 12 kuanzia siku hiyo, siyo kuanzia ulipotoka hospitali mara ya kwanza. Piga picha ya uso na mgongo leo, mahali pamoja penye mwanga uleule, kisha kila baada ya wiki nne, kwa sababu kioo cha kila asubuhi hakionyeshi mabadiliko ya polepole. Umio ukigoma kabisa kuvumilia kapsuli, zipo njia nyingine, na daktari wako asikulazimishe.

Wiki ya 12 ikifika kuna mambo mawili. Ukiwa na nafuu nzuri, kapsuli zinakoma na krimu inaendelea, hata kama umebakiwa na vipele vitatu vinne. Usiongezewe mwezi mmoja mmoja kwa mazoea. Kama hakuna nafuu, au kama kuna mafundo makubwa chini ya ngozi yanayoacha mashimo na makovu, usikubali kubadilishiwa antibiotiki ya pili, ya tatu, ya nne. Omba rufaa ya kliniki ya ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na waliosomea pale utawakuta katika hospitali nyingi za mikoa. Huko ndiko itakakozungumzwa isotretinoini, dawa yenye nguvu kweli kwa chunusi sugu, ambayo mwanamke haanzi bila kupima mimba na kuwa na kinga ya uhakika, kwa kuwa huharibu mtoto tumboni vibaya sana.

Mwenzako wa chumba usimpe hata moja. Hujui kama ana mimba ya wiki sita ambayo yeye mwenyewe hajaijua, hujui kama vipele vyake ni vya fangasi au vya mkorogo, na ukimpa tano utakuwa umempa ile dozi ya siku tano niliyokuwa nikiilalamikia hapo juu. Mpe jina la krimu ya benzoili peroksaidi na umweleze habari ya foronya. Hiyo anaweza kuianza mwenyewe usiku wa leo.